Doti ya khanga na gharama isiyoandikwa dukani

Na Mwandishi Wetu

Mtu apitaye Lalago, wilayani Maswa, wakati wa mavuno, hahitaji kuambiwa kwamba yumo katika nchi ya pamba. Mbele ya nyumba maturubai yametandazwa, na akina mama wameketi wakitenga pamba safi na pamba fifi. Mikokoteni ya ng'ombe inaelekea kwenye ghala la chama cha msingi, na wazee waliopumzika kivulini wanazungumza juu ya bei.

Hatua chache kutoka hapo khanga na vitenge vimening'inizwa dukani, na siku ya mnada nguo za mitumba humwagwa chini kwa mafungu. Mama aliyeuza pamba yake juma hili huenda ndiye atakayenunua doti ya khanga juma lijalo. Anaijua bei ya kilo aliyouza, na anaijua bei ya doti aliyonunua.

Lakini kati ya kilo ile na doti hii kuna gharama nyingine ambayo mizani ya ghala haiioneshi, wala mwenye duka haiandiki katika stakabadhi. Ni gharama iliyolipwa na ardhi, maji, hewa na afya za watu tangu mbegu ilipofukiwa hadi khanga ilipochakaa na kutupwa. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Makala haya yanajaribu kueleza jinsi gharama hiyo inavyohesabiwa, na kwa nini hesabu hiyo inamhusu mkulima wa Lalago na mama wa nyumbani kabla ya kumhusu mtaalamu wa mjini.

HESABU YENYEWE NI IPI?

Wataalamu huiita tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa. Shabaha yake ni rahisi kueleza. Badala ya kuitazama bidhaa ikiwa dukani tu, mtu huifuata tangu inapozaliwa hadi inapozikwa, na katika kila hatua hujiuliza maswali mawili: hapa kimetumika nini, na hapa kimemwagwa nini?

Hesabu za namna hii zilianza kupata umaarufu mwaka 1969, wakati kampuni ya Coca-Cola ya Marekani ilipotaka kujua ni chombo gani cha kuwekea kinywaji kinachotumia mali ghafi na nishati kidogo zaidi, na kinachoacha taka chache zaidi. Mwaka 1997 Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, lilitoa kiwango namba 14040 kinachoeleza utaratibu wa kazi hiyo, nacho kikarekebishwa mwaka 2006.

Utaratibu huo una hatua nne. Kwanza, mpimaji hutaja waziwazi anapima nini na kwa madhumuni gani. Pili, huorodhesha vyote vinavyoingia na vyote vinavyotoka: mbegu, mbolea, mafuta, umeme, maji, moshi, taka. Tatu, huigeuza orodha hiyo kuwa madhara yanayoeleweka, kama vile kuongezeka kwa joto la dunia, kuchafuka kwa mito, kupungua kwa maji au kuchoka kwa ardhi. Nne, hupima matokeo yake mwenyewe na kusema yanaweza kuaminiwa kwa kiasi gani.

Mama yeyote aliyewahi kupanga matumizi ya nyumba kwa mwezi mzima anaielewa kazi hii. Tofauti ni kwamba hapa daftari halina safu ya shilingi peke yake.

HATUA YA KWANZA: SHAMBANI

Tuifuate basi doti moja. Tuseme ina uzito wa gramu 400, na kwa kuwa pamba nyingine hupotea wakati wa kusokota na kufuma, inahitaji pamba nyuzi kiasi cha nusu kilo. Kiwandani, pamba mbegu inapochambuliwa, theluthi moja hivi hutoka kuwa nyuzi na sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu. Kwa hiyo doti yetu inahitaji pamba mbegu kilo moja na nusu.

Je, kilo moja na nusu hutoka katika eneo gani? Mkulima anayevuna kilo 250 kwa ekari, na wengi wa Kanda ya Magharibi ya pamba hawapiti kiasi hicho kwa mbali, hutumia mita 24 za mraba za shamba lake, yaani hatua sita kwa nne, kwa doti moja. Mkulima anayevuna kilo 750 hutumia mita nane tu, yaani hatua nne kwa mbili. Khanga ni ile ile, lakini ya kwanza imechukua ardhi mara tatu ya ile ya pili.

Hesabu hii ndogo ina uzito mkubwa katika Usukuma. Tangu miaka ya 1920 misitu mikubwa ya Shinyanga na jirani zake ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba na ongezeko la mifugo likaendeleza ukataji. Ilibidi Serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ambao hadi ulipomalizika mwaka 2004 ulikuwa umewasaidia wananchi kurudisha ngitili katika maelfu ya hekta. Wakati huo Maswa ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Kila ekari ya pamba inayotoa mazao haba ni ekari inayonyemelea ngitili.

Njia ya kupunguza gharama hiyo haihitaji fedha nyingi. Watafiti wa pamba na Bodi ya Pamba wamekuwa wakihimiza nafasi ya sentimita 60 kwa 30 badala ya 90 kwa 40, na kwa nafasi hiyo mashimo katika ekari moja huwa mara mbili. Samadi iko zizini. Choroko na dengu, ambazo zinastawi katika wilaya hii, huirudishia ardhi naitrojeni zikipandwa kwa zamu na pamba.

MAJI: TAKWIMU ZA WENGINE

Zipo takwimu zinazorudiwa sana duniani kwamba fulana moja ya pamba hugharimu lita 2,700 za maji. Msomaji wa Lalago akizisikia anaweza kudhani kwamba kilimo chake kinaikausha nchi. Hapana budi kuzichambua.

Takwimu hizo ni wastani wa dunia, na ndani yake yamechanganywa maji ya mvua na maji ya kumwagilia. Huko Asia ya Kati, maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa kwenye mashamba, hasa ya pamba, kuanzia miaka ya 1960, na Bahari ya Aral, iliyokuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, ikakauka karibu yote. Pamba ya Usukuma haimwagiliwi. Hupandwa kati ya Novemba na Desemba na kutegemea mvua, ambayo ingenyesha juu ya ardhi hiyo hata kama pangeota nyasi. Maji yaliyonyweshwa na mvua na maji yaliyotolewa mtoni hayana gharama sawa, hata kama lita zake ni sawa.

Hii haina maana kwamba hatudaiwi. Sehemu kubwa ya maji ya mkoa huu huingia mto Simiyu na kumwagika Ziwa Victoria. Kinachoyaharibu maji yetu ni udongo unaosombwa kutoka mashamba yasiyo na makinga maji, pamoja na dawa ya wadudu.

CHUPA ILIYO JIKONI

Katika daftari la khanga, dawa ya kuua funza wa vitumba inastahili mstari wake peke yake, kwa sababu madhara yake hayangoji kufika mtoni. Huanza nyumbani. Mara nyingi anayenyunyizia hana kinga ya mikono wala ya pua, na upepo humrudishia dawa usoni. Chupa ikiisha, huonekana ni chombo kizuri cha mafuta ya taa, cha maziwa au cha maji ya kwenda nayo shambani.

Hapa jambo si la mizani bali la uhai. Chupa ya dawa haisafishiki ikawa chombo cha chakula. Kanuni inayofundishwa ni kuisuuza mara tatu, kuyarudisha maji ya kusuuzia ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha kuitoboa ili isitumike tena na kuiweka mbali na watoto hadi itakapokusanywa. Vyama vya msingi vinavyopokea dawa kwa ajili ya wakulima vingeweza pia kuwa mahali pa kurudishia chupa.

Inafaa kukumbuka kwamba katika wilaya jirani ya Meatu, tangu mwaka 1994, mradi wa bioRe umekuwa ukinunua pamba inayolimwa bila dawa za viwandani wala mbolea za chumvichumvi, na wakulima wake hupanda alizeti kando ya pamba ili kuwavuta wadudu. Hesabu ya pamba hiyo nayo ina pande mbili, kwa maana mazao yakipungua, ardhi inayotumika kwa kila kilo huongezeka. Lakini mstari wa sumu hufutika.

KIWANDANI NA NJIANI

Kiwanda cha kuchambua hutoa vitu viwili. Nyuzi hufungwa marobota, na mbegu hukamuliwa mafuta ya kula, kisha mashudu hulishwa ng'ombe. Mpimaji mwaminifu hawezi kuitwika khanga mzigo wote wa shamba, kama vile mchinjaji asivyoweza kudai gharama yote ya ng'ombe kutoka kwa mnunuzi wa ngozi. Mzigo hugawanywa. Hata mabua ya pamba yamo katika hesabu: katika sehemu zisizo na miti huwa kuni, na yasipong'olewa kwa wakati huhifadhi wadudu wa msimu unaofuata.

Baada ya hapo pamba yetu nyingi huondoka. Husafiri karibu kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, kisha huvuka bahari kwenda kusokotwa Asia. Wengi hudhani kwamba safari hii ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote. Kwa hakika meli hubeba tani moja kwa mafuta machache sana kuliko lori, na tathmini nyingi za nguo huonesha kwamba usafiri wa baharini ni sehemu ndogo. Mzigo mzito umo katika kusokota, kufuma na kutia rangi, hasa pale umeme unapotokana na makaa ya mawe na maji ya rangi yanapomwagwa bila kusafishwa.

Kwa hiyo wito wa kusokota na kufuma pamba yetu hapa nchini, ambao ni wa haki kwa ajira na mapato, usiishie hapo. Dar es Salaam inaufahamu mto Msimbazi na jinsi ulivyochafuliwa na maji machafu ya viwanda na ya majumbani. Kiwanda kipya kisicho na mtambo wa kusafisha maji yake kitaleta nyumbani ajira pamoja na deni ambalo leo linalipwa na mito ya wengine.

NYUMBANI KWETU

Sasa khanga imenunuliwa. Je, hesabu imekwisha? La. Mwaka 2015 kampuni ya Levi Strauss ilitoa tathmini ya suruali yake moja ya jinzi. Ilionekana kwamba katika maisha yake yote suruali hiyo hutumia lita 3,781 za maji na kutoa hewa zinazoongeza joto zenye uzito wa kilo 33.4. Katika maji hayo asilimia 68 yalikwenda kwenye kilimo cha pamba. Lakini katika hewa hizo asilimia 37 zilitokana na mnunuzi mwenyewe, kwa kufua, kukausha na kuitunza nguo yake.

Mama wa Lalago anayefua kwa maji baridi na kuanika juani amekwisha kuifuta sehemu kubwa ya asilimia hizo bila kuambiwa na mtu. Kilichobaki kwake ni pasi ya mkaa. Katika tanuri la kienyeji kilo nyingi za kuni huishia kuwa kilo moja ya mkaa. Hivyo kuwasha pasi kila asubuhi kwa nguo moja ni kuchoma mti kwa ajili ya mikunjo michache. Kupiga pasi nguo za juma zima kwa moto mmoja huokoa mkaa na fedha pia.

Jambo kubwa zaidi ni umri wa nguo. Doti iliyovaliwa miaka minne imegawanya mita zake 24 za ardhi katika miaka minne; iliyopauka na kuchanika baada ya mwaka mmoja imezitumia zote kwa mwaka huo. Desturi yetu hapa ni hazina. Khanga ya kutokea huwa ya nyumbani, kisha mbeleko, kisha nepi, kisha kitambaa cha kuepulia sufuria, na mwisho tambara la kudekia. Ikiwa ni pamba tupu, ikitupwa huoza na kurudi udongoni. Zile za bei rahisi zilizofumwa kwa nyuzi za plastiki hazina mwisho huo: zikichomwa hutoa moshi mbaya, na zikitupwa hubaki.

FUNZO LA MFUKO

Tusidhani hata hivyo kwamba neno pamba peke yake linatosha. Mwaka 2018 Denmark ilichapisha tathmini ya mifuko ya kubebea bidhaa. Ilionesha kwamba mfuko wa pamba ya kawaida ungepaswa kutumiwa mara 52 ili uwe sawa na mfuko mwepesi wa plastiki kwa upande wa joto la dunia, na mara 7,100 endapo madhara ya aina zote yangejumlishwa.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Juni 2019, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Je, tulikosea? Hapana. Hesabu ya Denmark ilihusu nchi ambayo mfuko uliotumika hukusanywa na kuchomwa katika mitambo maalumu. Haikuhesabu ng'ombe aliyemeza mfuko malishoni, wala mtaro ulioziba mvua ikafurika. Matokeo ya tathmini hufuata swali lililoulizwa na mahali lilipoulizwa. Lakini funzo lake kwetu ni la kweli: mfuko wa kitambaa ulionunuliwa na kusahauliwa nyuma ya mlango haujamwokoa mtu yeyote. Ubebwe sokoni hadi uchakae.

NANI ATASHIKA MIZANI?

Wazee wa Usukuma wanaikumbuka habari ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanunuzi waliwapunja katika kupima. Waliitikia kwa kujiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Victoria, VFCU, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Sababu mojawapo ya kuundwa kwake ilikuwa hiyo: anayelima awe na neno katika kupima.

Leo mizani ya pili inaletwa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayoandaa njia ili bidhaa ziwe na pasi ya kidijitali, inayoweza kueleza zimetengenezwa kwa nini na zimeacha madhara gani, na nguo zimewekwa katika kundi la mwanzo. Mnunuzi wa nyuzi atamwuliza mfumaji, mfumaji atamwuliza msokotaji, na swali litashuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye ghala la Lalago.

Likifika na kukuta hakuna kumbukumbu, halitarudi tupu. Mpimaji atachukua wastani wa dunia na kuujaza katika nafasi yetu, na pamba iliyonyweshwa na mvua, ikalimwa kwa maksai na kuchumwa kwa mkono, itaandikiwa maji ya mashamba ya kumwagilia na mafuta ya mashine za kuvunia ambazo hakuna aliyewahi kuziona hapa. Vilevile, tukijisifu bila kupima, tutaficha sumu zetu na mavuno yetu haba, na watoto wetu ndio watakaolipa.

Kumbukumbu zinazohitajika si za ajabu. Ekari ngapi zilipandwa, na kwa nafasi gani. Samadi au mbolea kiasi gani. Dawa ilinyunyizwa mara ngapi, na chupa zimekwenda wapi. Kilo ngapi zimevunwa. Daftari la shule latosha, na mara nyingi mwenye mwandiko mzuri nyumbani ni binti wa darasa la sita. Chama cha msingi kikizikusanya za wanachama wake wote, kitakuwa na maneno yake mwenyewe ya kusema mezani, na maofisa ugani watakuwa na mahali pa kuanzia.

Msimu ujao, mvua za Novemba zitakapoanza, baba na mama waketi pamoja na kulifungua daftari hilo kabla plau haijatoka zizini. Mstari wa kwanza uandikwe siku ya kupanda.